Kibao cha Odelina

Karani wa wilaya amenipigia asubuhi, kabla sijamaliza chai:
"Sensa imetoka, Bi Zenovia. Thelathini na saba."
Basi nimebeba ngazi, kopo la nyeupe, kopo la nyeusi,
nimefika barabara kuu inapokata reli,
au ilipokuwa reli. Vyuma viliuzwa,
yamebaki mataruma na magugu.

Ni mara ya tano kazi hii kunijia.
Kabla yangu alikuwa baba, Panko, seremala,
na kabla yake mkuu wa stesheni, Bwana Tunstall,
aliyeandika jina mwaka ule mji ulipokuwa
mahema sita na kisima cha maji ya chumvi.
Odelina: binti wa mkubwa fulani wa reli, huko Montreal.
Hakuja hata mara moja kukung'uta vumbi lake.

Nakwangua kwa kisu. Rangi inabanduka maganda maganda,
na tarakimu za zamani zinatokeza
kama makovu ya ndui.
Hii hapa nne ya zama za baba mtoto:
mia nne na kumi na wawili!
Maghala manne ya ngano, marefu kuliko minara,
makanisa matatu yasiyosalimiana,
daktari mlevi, bendi ya tarumbeta,
na mkahawa wa Mah Gim,
aliyetozwa dola mia tano kwa kuwa na kichwa
ndipo akaruhusiwa kutukaangia mayai.
Miaka thelathini alikaanga.
Yeye alihesabiwa mmoja.
Mkewe, ng'ambo ya bahari, sheria ilimfungia mlango.
Sijui walimhesabu wapi.

Chini ya nne hakuna rangi tena, ni mbao tupu.
Akina Desjarlais walikuwa kwenye kingo za mto
kabla ya mbao hiyo kuwa mti.
Mama yao ndiye aliyemwonyesha bibi yangu
mzizi gani unachimbwa, upi unaua,
majira ya baridi ya kwanza, unga ulipokwisha.
Kwenye ramani ya reli pale mtoni pameandikwa: *wazi*.

Halafu mbili. Miaka ya vumbi.
Jua lilizimwa saa nane mchana,
bibi akalowesha mashuka akayatundika madirishani,
jirani aling'oa injini ya gari lake
akafunga farasi wawili mbele, akaenda kanisani.
Wengine walifungasha usiku
ili wasiagane na muuza duka aliyewakopesha.

Halafu moja. Halafu hakuna tarakimu ya tatu kabisa.
Shule iliuzwa kwa dola moja.
Ghala la mwisho nililiona likianguka:
lilipiga magoti kwanza, kama ng'ombe,
njiwa wakatoka, panya wakatoka,
na wazee waliokuja na viti vyao kutazama
wakabaki wamekaa, hakuna aliyetaka kuinuka wa kwanza.

"Mimi nimo?" anauliza Rommel kutoka chini.
Ana miaka tisa. Ameshika ngazi kwa mikono miwili.
Mama yake, Divina Magbanua, alifungua posta tena mwezi wa nane,
anauza stempu, nyavu za mbu, samaki wakavu
ambao sasa hata mimi nawanunua.
Sensa ilipita mwezi wa tano.
"Bado," namwambia. "Wewe na mama na dada yako, bado."
"Na mzee Torvald?"
Torvald Ness tumemzika Jumanne.
"Yeye yumo."
Anafikiri. Upepo unageuza majani ya shayiri upande mmoja.
"Kwa hiyo ni uongo."
Ningemjibu nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone,
lakini karani ana karatasi yake.

Nimeandika tatu, imenyooka, mkono wa baba.
Kisha nimeshuka, nikampa brashi.
Saba yake imeinama sana, imeelekea magharibi
kama mtu anayetembea akisukumana na upepo.
Sikuigusa.
Itachukua siku mbili kukauka, kama mvua haitanyesha.